Malazi ya Kifamilia Tunduma: Unacholipia Hasa ni Udhamini wa Mwenyeji

Wasafiri wengi huijua Tunduma, mji wa Tanzania ulio mpakani na Zambia, kupitia dirisha la basi: foleni ndefu ya malori, vumbi, wauza karanga na majengo ya forodha. Wachache hulala hapo kwa hiari, na hao hupanga katika gesti zilizo kandokando ya barabara kuu, ambazo kwa sehemu kubwa zipo kwa ajili ya madereva na wachuuzi wanaosubiri karatasi zao zipite. Tathmini hii inahusu huduma ya namna nyingine, yaani malazi ya kifamilia yanayotolewa na mama mmoja mfanyabiashara wa mchele katika mtaa ulio umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mpakani, ambapo mgeni hupewa chumba ndani ya nyumba ya familia, hula chungu kimoja na wenyeji, na akipenda hufuatana nao katika shughuli zao za kila siku. Niseme mapema kwamba ninaipendekeza, ingawa chumba chenyewe hakina cha kujivunia, na sababu yangu ni moja ambayo hata dalali aliyenielekeza hakuitaja: mwenyeji anakudhamini.

Katika mji wa mpakani, kuuliza bei ni jambo linalohitaji uangalifu. Mtu asiyejulikana anayesimama dukani akidadisi sukari hii inatoka wapi, au mzigo ule unapakiwa kwenda wapi, hudhaniwa upesi kuwa ni ofisa wa Mamlaka ya Mapato aliyevaa kiraia, na mazungumzo hufa hapo hapo. Gesti haiwezi kukuondolea shaka hiyo, hata iwe na maji ya moto na televisheni ukutani. Mwenyeji wangu alilielewa jambo hili vizuri kuliko mimi. Jioni niliyofika, kabla hata ya chai, alinipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaandikwa katika daftari la wageni, kisha akanipitisha dukani, kwenye kijiwe cha bodaboda na kwa mama muuza mboga, na kote huko akasema maneno yale yale: "Huyu ni mgeni wangu, yuko kwangu." Kesho yake vijana wa kijiweni ndio waliokuwa wakiniuliza maswali mimi, na muuza mboga alinieleza bila kuombwa kwa nini nyanya zilikuwa zimepanda bei upande wa pili wa mpaka.

Gharama ilikuwa shilingi 35,000 kwa usiku, pamoja na kifungua kinywa na chakula cha jioni. Kwa kiasi hicho mtu aweza kupata chumba cha gesti chenye choo cha ndani, hivyo anayetafuta unafuu wa bei asije huku akidhani atabana matumizi. Chumba kilikuwa safi, chenye kitanda cha mbao, chandarua kisicho na tundu, meza ndogo na mablanketi mawili mazito, ambayo mwezi wa Juni na wa Julai si anasa hata kidogo, kwa maana nyanda hizi za juu hupata baridi ambayo mtu wa pwani hujiandaa kuikabili kwa shati la mikono mirefu na kujuta kabla jua halijazama. Choo kipo uani, ni cha kuchuchumaa, na bafu liko pembeni yake. Maji ya bomba yalitoka kwa mgao. Siku yasipotoka, familia hutumia simtanki na ndoo, na mgeni huletewa ndoo moja ya maji ya moto asubuhi. Ndoo hiyo yatosha, ila anayependa kuoga mara mbili kwa siku aongee mapema badala ya kununa. Kelele za malori zinasikika usiku kucha, hasa breki za upepo, na sidhani kama ipo nyumba Tunduma iliyo mbali nazo.

Chakula kilikuwa cha kawaida kwa maana nzuri ya neno hilo. Ugali wa sembe, maharage, dagaa wa Ziwa Tanganyika, na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga zilizotwangwa, upishi ambao Wazambia wanaupenda mno na ambao humu ndani hauonekani kabisa kuwa wa kigeni, kwa kuwa mama mkwe wa mwenyeji amezaliwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Wali ulipikwa mara chache kuliko nilivyotarajia katika nyumba ya muuza mchele. Nilipouliza, niliambiwa kwamba mchele ni mtaji, na mtaji hauliwi ovyo.

Jioni moja mezani paliwekwa chikanda, chakula ambacho mgeni hukidhania kuwa nyama iliyosagwa na kugandishwa, kumbe ni viazi vya mimea ya okidi vilivyokaushwa, vikatwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi, na kupikwa hadi vikashikamana na kukatika vipande. Chakula hiki ni cha Zambia, lakini sehemu ya viazi vyake huchimbwa katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania na kupitia mpaka huu huu, kwa sababu mahitaji ya walaji yameimaliza mimea hiyo katika maeneo mengi ya Zambia yenyewe. Uwanda wa Kitulo, ambao ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na ambao umesifika kwa maua yake, zikiwamo okidi, ni miongoni mwa sehemu ambazo biashara hiyo imezitia hofuni. Mwenyeji alinieleza haya kwa uwazi, tena bila kujitetea: yeye hauzi, lakini hununua kipande sokoni kama wanavyonunua majirani. Nilikula, ni kitamu, na sikuomba tena.

Jambo ambalo hakuna gesti itakayokuonyesha ni jinsi mpaka unavyopita ndani ya hesabu za nyumba. Asubuhi, baada ya chai, mwenyeji huketi na daftari la shule lenye safu mbili, moja ya shilingi na nyingine ya kwacha, fedha ya Zambia, na kabla hajampangia bei mteja yeyote humpigia simu kijana mmoja mbadilisha fedha ili ajue kwacha imeamkaje. Kwacha ikipanda, wanunuzi kutoka Nakonde huvuka kwa wingi na mchele huondoka kabla ya adhuhuri. Ikishuka, yeye ndiye huvuka kwenda kutafuta bidhaa za kurudi nazo. Nilikuwa nimesoma mara nyingi kuhusu viwango vya ubadilishaji wa fedha magazetini, lakini sikuwahi kuona namna vinavyoamua kama familia itapika nyama siku hiyo. Malipo ya malazi hata hivyo ni kwa shilingi tu, na mwenyeji alikuwa mkali juu ya hilo, akitaja kanuni za mwaka 2025 zinazokataza bei za ndani ya nchi kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni.

Saa nazo ni mbili. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, hivyo inapotimia saa mbili asubuhi Tunduma, Nakonde ni saa moja. Simu inayojirekebishia saa yenyewe hudaka minara ya Zambia hata ukiwa kitandani upande wa Tanzania, ikabadili saa bila kukuarifu, na huenda ikakukata fedha za matumizi ya nje. Ninashauri mgeni afunge mipangilio yote miwili, ya saa na ya mtandao, siku anayofika. Wenyeji hawababaiki: wakipanga miadi husema "saa ya kwetu" au "saa ya Zambia", na shughuli inaendelea. Watoto wa nyumba hii wana ujanja wao wa ziada, kwani wakichelewa kurudi jioni hudai kwamba walikuwa wakifuata saa ya Zambia, na bibi yao huwakumbusha kwamba shule yao iko Tanzania.

Siku ya kuvuka ndiyo iliyonipa thamani kubwa ya fedha yangu. Mwenyeji alikuwa akienda kudai deni na kumtembelea dada yake aliyeolewa huko, nami nilifuatana naye. Kuna sehemu ambazo mpaka ni uchochoro tu kati ya duka na duka, na majirani huupita kununua mkate na kurudi. Lakini kwangu alikataa katakata, akasema mgeni wake atapita kituoni kwa hati yake ya kusafiria. Kituo cha pamoja cha forodha, kilichozinduliwa Oktoba 2019 na Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu, kimepunguza usumbufu kwa kiasi kikubwa kwa msafiri wa miguu: unayetoka Tanzania huenda moja kwa moja kwenye jengo la upande wa Nakonde, ambako maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja, mmoja akakugongea muhuri wa kutoka na mwingine wa kuingia. Wakati wa kurudi, utaratibu huo huo hufanyika upande wa Tunduma. Wasomaji wa Kenya na Uganda waliozoea nafuu za Jumuiya ya Afrika Mashariki kule Namanga au Busia wakumbuke kwamba Zambia si mwanachama wa jumuiya hiyo, na kwamba Tanzania nayo ilijitoa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, hivyo kinachoziunganisha nchi hizi mbili ni SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika. Kwa msafiri maana yake ni kubeba pasipoti, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe karibu.

Nakonde, ambayo tangu 2011 imo katika Jimbo la Muchinga, haina haja ya kupambwa. Ni mji wa maghala, wabeba mizigo na wanawake wanaohesabu fedha kwa kasi ya ajabu. Mfanyabiashara tuliyemfuata alimsalimu mwenyeji wangu kwa Kibemba, "Mwashibukeni mukwai", wakaendelea kwa Kinyamwanga, ambayo ni lugha ya wenyeji wa pande zote mbili, na walipofika kwenye fedha wakahamia Kiswahili. Deni lilikuwa la msimu uliopita. Halikuandikwa mahali popote isipokuwa katika madaftari yao, na lilidaiwa kwa utulivu na kwa muda mrefu, huku tukinyweshwa munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho ladha yake huizoea polepole. Hakuna mtu aliyenitazama kwa shaka, wala aliyepunguza sauti kwa sababu yangu. Nusu ya deni ililipwa siku hiyo. Nusu ya pili iliahidiwa baada ya mavuno, na mwenyeji wangu aliipokea ahadi kama mtu aliyekwisha kuitarajia.

Kwa dada yake tulikula mchana, na hapo mazungumzo yaligeukia Mei 2020, wakati Zambia ilipoufunga mpaka huu kwa muda kutokana na UVIKO-19. Mwenyeji alikuwa na mchele umejaa stoo bila mnunuzi, na dada mtu alikuwa na madeni ya Tunduma asiyoweza kuyalipa. Nyumba mbili zilizozoea kutembeleana kila wiki zilibaki kupigiana simu, tena kwa gharama za simu za kimataifa. Nayaandika haya kwa sababu ni maelezo ambayo mtalii hawezi kuyaomba, hutoka tu watu wanapokula.

Kuhusu historia ya mji, mgeni ataipata vipande vipande, na ni vyema aje akiwa na msingi kidogo. Tunduma iliyopo leo imekuzwa na haja ya Zambia ya kufikia bahari. Baada ya walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kujitangazia uhuru wao Novemba 1965, njia ya kusini ikawa si ya kutegemewa, na mzigo wa Zambia ukaelekezwa Dar es Salaam: kwanza kwa barabara, kwa bomba la mafuta la TAZAMA, kisha kwa reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Malori unayoyasikia usiku ukiwa kitandani ni mwendelezo wa uamuzi huo, yakipandisha mafuta na bidhaa za viwandani na kuteremsha shaba kutoka Zambia na Kongo. Mji wenyewe umepanuka upesi. Sensa ya 2022 iliuhesabia watu zaidi ya laki mbili, na ukitazama nyumba zisizokwisha kujengwa kando ya barabara ya Mbeya utaamini.

Sasa kasoro, na zipo. Kubwa kuliko zote inamhusu dalali. Alinitoza ada yake pembeni, akaniahidi "ratiba ya maisha ya asili", na siku ya pili nikakuta kinu na mchi vimetolewa uani ili nitwange mahindi. Familia hii haitwangi mahindi. Huyapeleka mashineni kama kila mtu mtaani, na mwenyeji mwenyewe alikuwa akijizuia kucheka wakati akinikabidhi mchi. Aliniambia baadaye kwamba wageni waliotangulia walilalamika kuwa nyumba ina jiko la gesi na televisheni, wakaona hawakupata walichokifuata, ndipo dalali alipoleta wazo la kinu, ambacho kiliazimwa. Sina ugomvi na kinu. Lakini mgeni anayelipa ili aone maisha ya watu, kisha akadai yawe ya zamani kuliko yalivyo, anawalazimisha wenyeji kumwigizia, na saa nzima iliyotumika katika igizo hilo ingetosha kwenda kuona mchele ukipimwa na kujazwa viroba. Nilimwomba tuiache ratiba, na hakuna aliyesikitika.

Kasoro ya pili ni nyeti zaidi. Chumba nilicholala ni cha binti wa nyumba, mwanafunzi wa sekondari, ambaye mgeni akija huhamia kwa bibi yake. Hakuna aliyenificha, ila hakuna pia aliyenieleza kabla sijafika, na niliyajua kwa kuona vitabu vyake juu ya kabati. Binti mwenyewe aliniambia kwamba hapendi kuhama wakati wa mitihani, na kwamba fedha za wageni ndizo zinazomlipia masomo ya ziada. Aliyasema yote mawili kwa pamoja, wala sikuona kuwa la kwanza linafuta la pili. Ningependa huduma hii iseme waziwazi katika maelezo yake ni nani anayepisha chumba, na isipokee wageni wakati wa mitihani. Mlango wa chumba nao una komeo la ndani tu, hivyo ukitoka hauna cha kufunga. Hakikupotea kitu, hata hivyo mwenye kompyuta au fedha nyingi atataka kufuli. Risiti hakuna, isipokuwa ukiomba, na hata hapo huandikwa kwa mkono, jambo litakalomsumbua anayesafiri kwa gharama za ofisi.

Picha ni suala la kuzingatia. Ndani ya nyumba ruhusa hutolewa kwa moyo mkunjufu, lakini mpakani na kwenye maghala mwenyeji alinikataza kutoa simu mfukoni, na alikuwa sahihi. Udhamini wake una mipaka: akikutambulisha kuwa mgeni wake, lolote utakalofanya litarudi mlangoni kwake baada ya wewe kuondoka, na yeye ataendelea kuishi na majirani hao hao, kukopeshana nao na kudaiana. Kwa hiyo sidhani kama huduma hii inamfaa mtu anayetafuta picha za mtandaoni, wala mwenye haraka ya kuunganisha basi la Lusaka alfajiri. Inamfaa mtafiti, mwanafunzi, mfanyabiashara anayeanza kulisoma soko la Zambia, au mtu wa kawaida mwenye siku chache na uvumilivu wa kuketi kando ya daftari la hesabu bila kuchoka.

Kufika ni rahisi. Kutoka Mbeya mjini ni kama kilomita 100 kwa Coaster au basi dogo. Anayekuja kwa ndege hushuka Uwanja wa Songwe, ambao tayari uko upande wa barabara ya Tunduma, hivyo hana haja ya kurudi Mbeya. Akiwa na siku ya ziada, Kimondo cha Mbozi kiko njiani, na kahawa ya Mbozi hununuliwa huko huko kwa bei nzuri. Nashauri kumwepuka dalali kwa kumpigia mwenyeji moja kwa moja mara namba yake ikipatikana kwa mgeni aliyetangulia, kumlipa mwenyewe mkononi au kwa simu, na kumwuliza mambo matatu kabla ya kuthibitisha: chumba ni cha nani, siku ya kuvuka ni lini, na mahindi yanasagwa wapi. Wakati wa likizo za shule, Juni na Desemba, watoto wote huwa nyumbani na mwenyeji hapokei mgeni zaidi ya mmoja kwa wakati, kwa hiyo anayetaka kusafiri na mwenzake apange miezi mingine.